Kitabu kisianikwe juani, mtungi usikaushwe

Masika yamefanya kazi yake. Barua nyingi zilizofika mezani kwangu safari hii ni za ukungu, mchwa na wadudu wa karatasi. Nimechagua chache na kuzifupisha, na nimejibu kwa urefu pale nilipoona wengi mnauliza jambo hilohilo. Wale mlioniuliza bei ya vitu vyenu mtanisamehe: mimi ni fundi wa kuhifadhi vitu vya kale, udalali siujui.

*Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu yetu alikuwa mwalimu wa chuo hapa Pangani. Katika sanduku lake la bati tumekuta vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Vingi ni vya Kiarabu, kimoja ni cha tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hicho cha tenzi kina matundu kutoka jalada mpaka katikati, kurasa nyingine zimeshikana, na ami yetu aliwahi kuziba zilizochanika kwa selotepu. Binamu yangu anataka tukianike juani, halafu tukakipige laminesheni mjini. Tena kuna bwana anatufuatafuata, anataka kununua sanduku zima. Tufanyeje?*
*Mjukuu, Pangani*

Marahaba, mjukuu wa mwalimu. Mzuie binamu yako, kwa upole, lakini leo hii. Jua litaua wadudu wachache walio juu. Walio ndani watazidi kujichimbia. Huku nyuma karatasi inakauka ghafla, ngozi ya jalada inajikunja na wino wa rangi unapauka, na kilichopauka hakirudi. Laminesheni ni mbaya zaidi, kwa sababu plastiki huyeyushwa kwa moto ikashikamana na karatasi, na hakuna fundi atakayeitoa bila kuondoka na maandishi. Kabla sijatia mkono katika kitu chochote hujiuliza kama atakayekuja baada yangu ataweza kulitengua nililofanya. Laminesheni haitenguki.

Sasa hao wadudu. Kwanza mjue kama wako hai, maana tundu la zamani peke yake halili kitu. Kipanguseni kitabu kwa brashi mpya ya rangi yenye nywele laini, kilazeni juu ya karatasi nyeupe mahali pasipo upepo, mkiache wiki moja au mbili bila kukisogeza. Mkikuta vijilima vya unga mpya chini yake, basi kuna anayekula. Na kwa kuwa vitabu vyote vimelala sanduku moja, vihesabuni vyote kuwa vina ugonjwa huo.

Dawa yake ni baridi. Fungeni kila kitabu kwa kitambaa safi cha pamba, kisha mfuko mzito wa plastiki. Kamueni hewa kadiri mnavyoweza, fungeni pasipenye kitu, halafu mfuko wa pili juu yake. Kiingie kwenye friza inayogandisha kweli, nyuzi 20 chini ya sifuri, kikae wiki mbili. Friza nyingi za madukani na za wauza samaki huishia nyuzi 18, kwa hiyo mimi huacha wiki tatu. Kile kijichumba cha barafu kilicho juu ya friji la nyumbani hakitoshi. Umeme ukikatika mpaka barafu ikalegea, hesabu inaanza upya. Mdudu anayepoa polepole huizoea baridi na kuokoka. Wakati wa kukitoa, msikifungue. Kikae ndani ya mfuko wake siku nzima mpaka kipate joto la chumba, ili umande utue juu ya plastiki usitue juu ya karatasi. Na mwenye friza mwambieni ukweli wa kilichomo. Kuna kitabu cha fiqhi ninachokijua kilitolewa njiani kumpisha pweza, kikalala nje usiku kucha, na kazi yote ikarudi mwanzo.

Tukija kwenye wino, ule mweusi wa vitabu vya namna hii mara nyingi ni masizi yaliyokorogwa na gundi ya mgunga. Ni wino mzuri mno, haupauki hata ukikaa karne, lakini maji yanauyeyusha. Basi kitambaa chenye unyevu kisiguse ukurasa, wala msilambe kidole kufungulia kurasa kama tulivyozoea kufanya kwenye misahafu ya dukani. Kurasa zilizoshikana ziacheni zishikane. Selotepu ya ami yenu nayo iacheni ilipo. Gundi yake imeshazama kwenye karatasi, na mtu akiibandua kwa ukucha itang'oka na herufi. Ikitolewa karakanani hutolewa kwa kemikali, kipande kwa kipande. Pale palipochanika, sisi tunaziba kwa karatasi ya Kijapani, yenye nyuzi ndefu za mti uitwao kozo, na gundi ya wanga wa ngano iliyokamuliwa maji mpaka ibaki nzito. Msijaribu hilo jikoni, hata kama unga wa ngano mnao.

Karatasi zilizochomoka msizipange kwa kukisia. Tazameni chini kabisa ya ukurasa wa mkono wa kulia. Waandishi wengi waliandika pale, kwa udogo, neno litakaloanza ukurasa unaofuata, na neno hilo litawaambia ipi inafuata ipi. Mkiona karatasi moja imara, inueni taratibu mbele ya dirisha. Karatasi nyingi zilizokuja pwani yetu na nchi za Kiislamu kwa jumla zilitengenezwa Italia, na ndani yake mtaona alama ya miezi mitatu michanga iliyopangwa mstari mmoja, mkubwa, wa kati na mdogo. Alama kama hiyo humsaidia mtaalamu kukisia umri. Na mkikuta ukurasa wa mwanzo pameandikwa "ya Kabikaj", msitishike. Waandishi wa vitabu vya Kiarabu walikuwa wakimwomba huyo Kabikaj awalindie vitabu na wadudu. Mpigeni picha, lakini kitabu kiende friza vilevile.

Picha ni jambo la lazima. Pigeni kila ukurasa unaofunguka bila nguvu, hata mtupu, hata ndani ya jalada, hata vikaratasi vilivyochomekwa katikati. Simu yoyote nzuri inatosha, karibu na dirisha lisilopigwa na jua. Andikeni namba za picha kwenye daftari, si kwenye kitabu.

Baada ya friza, vitabu visirudi kwenye bati. Bati hutoa jasho usiku. Kila kimoja kivikwe bafta nyeupe iliyofuliwa bila wanga, kilazwe, kiwe kwenye rafu isiyogusa ukuta wa nje. Ukungu hupata nguvu unyevu wa hewa ukivuka asilimia 65, na pwani yetu huvuka hapo sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo kinachotuokoa ni upepo. Kabati lifunguliwe siku za kiangazi, lipumue. Karafuu zina harufu ya kupendeza lakini mafuta yake ni doa. Zining'inizeni nje ya kabati kama ni lazima. Naftalini nawakataza kabisa, hasa penye mtoto mchanga. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na mvuke wa naftalini huweza kuwavunjavunja chembe za damu.

Huyo bwana mnunuzi simjui, sitamsema. Nitasema tu kwamba Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na vitu vya kale havitoki nje ya nchi bila kibali. Tena msidhani njia ni mbili tu, kuuza au kuacha vioze. Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kwa mradi wa British Library wa kumbukumbu zilizo hatarini, na miswada yenyewe ikabaki Lamu. Kwenu huko, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili katika taasisi yake ya Kiswahili, na Nyaraka za Taifa Zanzibar wanavijua vitabu vya aina hii. Nendeni kwao na picha kwanza. Sanduku libaki nyumbani mpaka familia nzima iwe imekaa na kukubaliana.

*Asalaam aleikum Bi Mwalimu. Nyumba yetu Mji wa Kale, Mombasa, ina mlango wa nakshi tulioachiwa na nyanya. Chini umeanza kuliwa na mchwa. Fundi wa rangi anasema tupake oili chafu ya gari, kisha vanishi ya kung'aa. Na shaba zake dada yangu huzisugua kwa ukwaju na mchanga kila Idi. Tuendelee?*
*Mwana wa nyumba, Mombasa*

Waaleikum salaam. Nitakujibu kwa swali: ukuta uliokamata huo mlango umepigwa lipu ya nini?

Nauliza kwa sababu mlango mzee haushambuliwi na mchwa bure. Kama nyanya yako aliletewa msaji, mti huo mchwa hawaupendi wakiwa na njia nyingine. Wakianza kuula, aghalabu umekwisha kulowa kwanza. Nyumba zetu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka chini ukayatoa polepole kwa hewa. Miaka ya karibuni kila penye ufa pamepigwa saruji. Saruji haipitishi. Maji yanapanda ndani ya ukuta yakitafuta pa kutokea, na mahali laini kuliko pote ni fremu ya mlango wako. Pamoja na maji inakuja chumvi, na kwa nyuma, gizani, mchwa wanajenga vijia vyao vya udongo.

Kwa hiyo anza na ukuta. Tafuta hivyo vijia vya udongo nyuma ya fremu na kwenye boriti za juu. Tazama bomba la paa linamwaga wapi. Lipu ya saruji iliyo karibu na mlango ibanduliwe, pakauke kwa miezi, kisha ipigwe ya chokaa. Nenda kwenye ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale kabla hujaleta fundi, maana nyumba za huko zina utaratibu wake, na pale wanawajua mafundi wachache waliobaki wanaojua kuilaza chokaa.

Oili chafu, hapana. Najua inatumika pwani nzima, na najua ni ya bure. Haimfikii mchwa aliye ndani, huufanya mti uwe mweusi na wa kunata, vumbi la barabara linaingia kwenye maua ya nakshi na kuganda humo, na siku moja mjukuu wako hataona kama pale palikuwa na waridi au mnyororo. Vanishi ya kung'aa juu yake ni kuzidisha. Jua likiipiga itapasuka magamba, na maji ya mvua yatabaki chini yake. Mlango uliokauka sana unaweza kupanguswa kwa mafuta ya kitani, kidogo sana, kwa kitambaa, na yanayobaki juu yafutwe yote. Halafu vile vitambaa usivikunjekunje na kuvitupa pembeni. Mafuta ya kitani yakikauka ndani ya tambara lililofumbatwa hupata joto mpaka likawaka lenyewe. Vitandaze nje vikauke au vitie ndani ya ndoo ya maji.

Sasa dada yako, na hapa najua naingia kwenye ugomvi wa Idi. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Asidi ya ukwaju au ndimu huichomoa zinki, ndiyo maana mtaona mabaka ya rangi ya waridi yanayorudi kila mwaka yakiwa makubwa zaidi. Mchanga nao unakula michoro. Dawa ya kung'arishia ya mkebe huacha unga mweupe kwenye mbao pembeni mwa kila msumari. Mimi shaba iliyofifia naiona nzuri zaidi kuliko inayometa, lakini nyumba si yangu. Kama lazima ing'ae, mwambie atumie kitambaa laini kikavu, tena kitambaa hichohicho kila mara, na asibonyeze. Kama kuna doa gumu, unga laini wa chaki kwa spiriti kidogo, huku karatasi ngumu iliyokatwa tundu ikikinga mbao.

*Shikamoo. Mimi ni mvuvi wa Kilwa Kivinje. Wavu umenipandishia mtungi mzima, una rangi ya kijani inayong'aa, umeota matumbawe ubavuni. Nimeuweka kwenye pipa la maji ya bahari. Mke wangu anasema niuanike na kuyagonga hayo matumbawe. Nimfuate?*
*Mvuvi, Kilwa*

Marahaba. Shemeji kwa hili usimfuate, mengine msikilize. Wewe umefanya jambo ambalo hata wasomi hulisahau.

Mtungi uliokaa baharini umejaa chumvi mpaka ndani ya udongo wake. Ukikauka, chumvi inageuka vijiwe, vijiwe vinapanuka, na ile rangi ya kijani inayong'aa inabanduka magamba. Haitokei siku ya kwanza. Inatokea baada ya wiki, ukiwa umeshaupamba sebuleni. Uache ndani ya pipa, kivulini, ufunikwe. Usiyagonge matumbawe, yanatoka kwa zana ndogondogo na mtu anayeona anachokifanya. Peleka habari kwa ofisi ya Mambo ya Kale au kwa wasimamizi wa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, mahali palipo kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Waambie pia ulipoutoa, kwa alama zako za bahari au kwa simu, kwa sababu mtungi peke yake hausemi mengi kama mahali ulipolala. Na tafadhali usirudi kuzamia mwingine. Wakija, wataanza kuubadilishia maji, ya bahari yakipunguzwa na yasiyo na chumvi yakiongezwa, kwa miezi, na kuyapima mpaka chumvi iishe.

Ungekuwa mbao ingekuwa habari nyingine kabisa. Meli ya Kireno Santo Antonio de Tanna ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira ngome. Ilipoanza kuchimbuliwa mwaka 1977, vilitoka vitu vya mbao vilivyokuwa vimejaa maji kila tundu. Mbao ya namna hiyo ukiiacha ikauke inasinyaa na kupasuka vipande, kwani maji ndiyo yaliyobaki yakiishikilia. Tiba inayotumika ni kuingiza polepole nta inayoyeyuka kwa maji, iitwayo polietilini glikoli, ichukue nafasi ya maji. Waswidi waliinyunyizia meli yao Vasa, iliyozama 1628 na kutolewa 1961, kwa miaka 17. Ukipandisha ubao basi, uuache kwenye maji na upige simu.

*Dada yangu, salamu kutoka Muscat. Nina picha ya harusi ya wazazi wangu, ilipigwa Unguja kabla hatujahama. Imegandana na kioo cha fremu. Binti yangu anataka kuilowesha ibanduke.*
*Mama wa Muscat*

Dada, mzuie binti. Sehemu yenye sura za wazazi wako imelala ndani ya tabaka jembamba la jelatini. Jelatini ikipata unyevu huvimba na kunata, na hapo ndipo iliposhika kioo. Ukiilowesha nyumbani, sura zitabaki kwenye kioo na karatasi itabaki mkononi. Ipigeni picha hivyohivyo kupitia kioo, taa iwe ya ubavuni isirudishe mwanga, kisha kioo na picha vikae pamoja siku zote kama kitu kimoja. Nakala ndiyo itundikwe ukutani, hii ya asili ikae gizani. Picha nyingine mtakazotia fremu ziwekewe kadi pembeni zisiguse kioo.

Na kiyoyozi: ukikiwasha mchana na kukizima usiku, chumba kinapanda na kushuka unyevu kila siku, na hilo linaumiza picha kuliko joto la namna moja. Chagua chumba kisichobadilikabadilika, hata kama si cha baridi.

*Mwalimu, nasoma kidato cha sita Dodoma, napenda kazi hii. Je, ni lazima nivae glovu nyeupe kama kwenye filamu? Na nisomee nini?*
*Mwanafunzi, Dodoma*

Glovu nyeupe za pamba kwenye kitabu sizipendi. Mtu hahisi karatasi, nyuzi zinanasa kwenye kingo zilizochanika. Kitabu kishikwe kwa mikono iliyooshwa na kukaushwa, bila losheni. Glovu za mpira wa nitraili vaa ukishika picha na metali, maana chumvi ya jasho lako itaacha alama ya kidole inayokuja kuwa kutu. Zivae pia, na barakoa, kwenye wanyama waliokaushwa wa makumbusho za zamani, kwa sababu wengi walipakwa aseniki kuzuia wadudu na sumu ile bado ipo.

Soma kemia, na usiione kama adui. Wengi wa rika langu katika makumbusho za Afrika walipita kwenye PREMA, mafunzo ya kuhifadhi vitu vya makumbusho yaliyoendeshwa na ICCROM, taasisi ya kimataifa ya uhifadhi iliyoanzishwa Roma mwaka 1959. Mafunzo yale ndiyo yaliyozaa kituo cha urithi cha Mombasa kwa nchi zinazotumia Kiingereza na shule ya Porto-Novo kwa wenye Kifaransa. Omba kujitolea katika makumbusho iliyo karibu, na usishangae wakikupa ufagio na daftari. Jifunze kuchora kwa penseli vilevile. Aliyenifunza mimi hakunipa brashi mpaka nilipoweza kuchora ukurasa na kila tundu lake mahali pake, na nilikasirika sana wakati ule.

Mtakaoandika tena, leteni picha ya kitu kizima kwanza, kisha ya mahali palipoharibika, rula ikiwa pembeni, na mseme kitu kinakaa chumba gani. Bila hayo nitakuwa nabahatisha.